Mkono Ulifuata Kisu

Njia ya kwenda Sagamba haina haja ya kuelezwa hapa, kwani waliokwenda hawakutamani kurudi, na wasiokwenda hawajapungukiwa na kitu. Yatosha kusema kwamba Bi Kidawa alifika. Alikuwa mjane wa makamo, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi, na aliondoka kwao siku ndugu zake walipokaa kikao kumtafutia mume wa pili bila kumwuliza. Tangu hapo alitembea nchi za watu, akila chakula chao na kusikiliza magomvi yao, na alizoea kusema kwamba hajaona bado watu wasio na wazimu wao. Wazimu wa Wasagamba ndio pekee uliomkosesha usingizi.

Langoni hakuulizwa jina wala anakotoka. Askari alimwuliza ana makali gani. Akatoa kisu chake cha kumenyea machungwa, na yule askari akakipokea kwa mikono miwili, akakigeuzageuza, akakinusa, akauliza kimefuliwa wapi, kimewahi kumkata nani, na kama kina hasira. Bi Kidawa alidhani anataniwa, akacheka. Askari hakucheka. Alichukua pia sindano na mkasi wa kucha, akamwomba afungue kinywa amtazame meno, kisha akamwambia apite kwa amani, maana yeye mwenyewe hana hatia. Huku kwetu, akaongeza kwa upole, mtu hawezi kuwa na hatia.

Mila ya Sagamba ni kumlaza mgeni kwenye nyumba yenye msiba, ili wafiwa wapate mtu wa kumhudumia na wasikae wakitazama ukuta. Kwa hiyo Bi Kidawa alipelekwa kwa Bi Mize, mwanamke mwembamba aliyekuwa na wana wawili na sasa amebakiwa na mmoja. Mkubwa, Vuai, alikuwa amechomwa kisu karibu na uwanja wa mpira, jua linawaka, watu wamejaa. Aliyemchoma ni Faki, kijana wa nyumba ya tatu kutoka pale. Hilo halikuwa siri wala tetesi. Kila mtu aliona, na Faki mwenyewe hakukana.

Bi Kidawa alitoa pole zake, akala wali aliopakuliwa, na baada ya kunawa akauliza yule muuaji amefungwa wapi.

"Gerezani," akasema Bi Mize. "Kesi yake ni Ijumaa. Ukipenda kukiona, kuna siku za kutazama."

"Kukiona nini?"

"Kisu."

Ndipo mgeni alipoelezwa sheria ya nchi, na mimi ninaieleza kama alivyoelezwa, bila kuongeza chumvi, kwa kuwa haihitaji. Zamani Wasagamba waliwanyonga wauaji kama watu wengine. Siku moja wakamnyonga asiye muuaji, na mama yake akakaa nje ya mahakama akilia mpaka akafa palepale kizingitini. Nchi ikaingiwa na hofu. Wenye hekima wakakutana, wakaona kwamba ni salama zaidi kuhukumu kitu kisicho na mama. Tangu hapo, mtu akichomwa, hushtakiwa kisu. Kisu huwekewa wakili, kikapatikana na kosa, kikapelekwa gerezani, kikatundikwa ukutani kwa mnyororo, na watoto wa shule hupelekwa sikukuu kwenda kukizomea. Aliyekishika huitwa Mkono. Jaji husoma maneno yaleyale kila mara, kwamba mkono ulifuata kisu, na yule mtu, tangu siku ya tukio, hufungwa kitambaa cheupe kwenye kifundo cha mkono kuonyesha kwamba ameteseka, na wapita njia wote wanapaswa kumpa pole.

Sheria ilikuwa imeingia mpaka jikoni. Visu halali vilifungwa kwa minyororo kwenye meza ya mtaa, na wanawake walipanga foleni kukata vitunguu huku askari akiwasimamia. Waliokosa subira walivitwanga kinuni. Nyama ililiwa kwa kuvutana. Na bado, Bi Kidawa aliona, vijana wa mtaa ule walitembea mkono mmoja ukiwa karibu na kiuno.

Asubuhi yake Faki mwenyewe akaja. Alisimama mlangoni na kitambaa chake cheupe, kijana mrefu mwenye ndevu za kuanza, akamwamkia Bi Mize shikamoo, akasema amekuja kutoa pole na kupokea pole, kama ilivyo ada. Bi Mize akaitikia marahaba. Akasema pole, mwanangu. Sauti ilimtoka kavu kama mtu anayesoma kitu asichokielewa, na Faki akainamisha kichwa akaenda zake. Mtoto wa pili wa nyumba ile, Jecha, kijana wa rika la Faki, alikuwa ameketi ndani gizani akimtazama. Bi Kidawa aliyatazama yale macho akajikuta ameacha kutafuna.

Siku zile mji mzima ulikuwa haukaliki. Kifo cha Vuai hakikuwa cha kwanza mwaka ule, watu walichoka kuzika vijana, na Baraza likaitisha mjadala wa kukaza sheria za visu. Bi Kidawa akaenda kusikiliza, na alikuta ukumbi umejaa hadi madirishani. Nchi ilikuwa imegawanyika pande mbili. Watu wa Shibiri walishikilia kwamba kisu kikifika urefu wa shibiri hupata akili mbaya, kwa hiyo vyote vifupishwe. Watu wa Ncha walisema urefu si hoja, ubaya wa kisu umekaa nchani, kikikatwa ncha kitatulia kama ng'ombe aliyekatwa pembe. Kulikuwa na ndoa zilizovunjika kwa ajili ya jambo hilo. Kulikuwa na msikiti uliogawanywa kwa pazia.

Walizungumza mchana kutwa, na walizungumza vizuri, hilo lazima wapewe. Watu wa Shibiri walileta vidole vya kuchongwa kwa mti vya kupimia vidonda vya marehemu. Watu wa Ncha walileta kisu kisicho na ncha, wakakipitisha mkono kwa mkono kama mtoto mchanga, wasikilizaji wakikipapasa na kukisifu kwa utulivu wake. Jua lilipopinda, watu wa Shibiri waliwaita wenzao wauaji, na watu wa Ncha wakajibu kwamba wauaji ni wao. Neno hilo, ambalo hakuna aliyethubutu kumwita nalo Faki, walirushiana bila haya. Na katika viti vya nyuma walikaa vijana wengi wenye vitambaa vyeupe, wamenyamaza, kama watu waliokuja kusikiliza habari za majirani.

Mzee mmoja aliinuka akauliza kwa nini vijana wa mtaa wa Bi Mize wanaogopa kutoka nyumbani bila kitu kiunoni, na ni nani anayewatisha. Ukumbi mzima ulimgeukia kama mtu aliyekohoa katikati ya dua. Mwenyekiti alimshukuru, akamwuliza yeye ni wa Shibiri au wa Ncha. Mzee akasema hajui. Akaambiwa aketi mpaka ajue.

Bi Kidawa alirudi nyumbani kichwa kinamwuma. Akaenda uani kuanika kanga yake, na huko alimkuta Jecha amechuchumaa kwenye jiwe la kufulia, akisugua mpini wa kijiko cha chuma. Alikuwa ameusugua muda mrefu, maana ulikuwa umekonda na kung'aa, na ncha yake ilikuwa nyembamba kiasi cha kupita kwenye tundu la kitufe. Hakukificha alipomwona. Hilo ndilo lililomtisha Bi Kidawa kuliko kijiko chenyewe.

"Hicho unataka kulia nini?"

"Hakuna sheria ya vijiko, shangazi."

"Sikukuuliza sheria."

Jecha akakipuliza vumbi la chuma. Alisema kwamba Faki anakuja pale kila asubuhi kumpa mama yake pole, na mama yake anaitikia, na yeye huwa anamwangalia shingo. Alisema siku ya kesi watu wote watakuwa wanakitazama kisu, hakuna atakayemtazama yeye. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayepanga safari ya sokoni.

"Na ukishamaliza?" akauliza Bi Kidawa, akakaa juu ya ndoo.

"Nitafungwa kitambaa. Nitapewa pole na mji mzima." Akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha ndani yake. "Halafu wadogo zake Faki wataanza kunitafuta mimi. Unadhani sijui? Najua. Lakini nikikaa kimya, nani atasema kwamba ndugu yangu aliuawa?"

Bi Kidawa alikuwa mgeni, anakula chakula cha nyumba ile, na kumsemea mtoto wa mwenyeji wake kulimkaa vibaya moyoni. Akaona afadhali aende kwa wakubwa. Mkuu wa Makali, Bwana Ngwali, alikuwa mtu mnene mpole aliyempokea vizuri na kumkaribisha kahawa. Bi Kidawa akamwambia, bila kutaja jina, kwamba kuna kijana ananoa kijiko amwue mtu Ijumaa.

Bwana Ngwali aliweka kikombe chini. Uso wake ulikunjuka kwa furaha. Kijiko, akasema. Basi alikuwa sahihi tangu zamani, alikuwa akiwaambia watu wa Baraza kwamba uovu hautaishia kwenye visu. Akataka kujua urefu wa kijiko, na kama kichwa chake ni cha duara au cha yai. Akasema askari watakwenda kukikamata usiku uleule, na kesi yake itakuwa ya kihistoria.

"Na kijana mwenyewe?"

"Tutampa pole," akasema Bwana Ngwali kwa huruma ya kweli. "Maskini, kuishi nyumba moja na kijiko cha namna hiyo."

Bi Kidawa alielewa kwamba wakikichukua kijiko, Jecha atasugua ufunguo, na wakichukua ufunguo atasugua mfupa. Akasema alikuwa akisimulia hadithi ya kwao, akaaga, akatoka shingo upande. Alitembea mji mzima siku ile na iliyofuata akitafuta mtu wa kumwambia, na kila aliyemgusia habari za kuuawa alimjibu kwa Shibiri au kwa Ncha. Roho ilikuwa juu. Alikuwa akimwona Jecha anaingia na kutoka, anamsaidia mama yake kubeba maji, na kila alipoinama kuiweka ndoo chini, koti lake lilining'inia upande mmoja.

Ijumaa asubuhi alimkuta Bi Mize anavaa buibui kwenda mahakamani, akamweleza yote. Alihisi anaivunja nyumba iliyokwisha vunjika. Bi Mize alisikiliza mpaka mwisho, mkono umebaki kwenye kitufe cha shingoni. Hakulia. Aliuliza swali moja tu, kama Jecha atakaa nyuma ya Faki au pembeni yake.

Mahakama ilijaa pomoni. Katikati, juu ya kiti kidogo chenye mto, kilikuwa kisu cha mpini wa mpingo, kimefungwa mnyororo, na askari amesimama kila upande. Faki alikaa safu ya mbele, mahali pa heshima pa Mkono. Jecha alikaa safu ya pili, nyuma yake tu, amevaa koti ingawa joto lilikuwa la kufa mtu. Bi Kidawa alibanwa ukutani, mbali. Alijaribu kusogea, watu wakamsonya.

Wakili wa kisu alikuwa hodari. Alisimulia jinsi mteja wake alivyokata mkate nyumbani kwa bibi kizee miaka mingi, na jinsi kilivyotumika kwenye karamu ya harusi bila malalamiko. Mwendesha mashtaka akajibu kwamba makali yake yalikuwa yamenolewa karibuni, nayo ni dalili ya nia. Watazamaji walinyoosha shingo kuyaona makali. Hata jaji aliinuka kidogo. Hapo Bi Kidawa aliuona mkono wa Jecha ukiingia ndani ya koti, polepole, na ukabaki humohumo.

"Mama wa marehemu," akasema jaji, "na asogee aseme na kisu."

Ndiyo desturi. Mfiwa husimama mbele ya kisu, akakilaani au akakisamehe, na maneno yake hutiwa kwenye hukumu. Bi Mize akainuka. Akapita mbele ya kiti chenye mto bila kugeuza kichwa, akaipita safu ya mbele, akamfikia mwanawe, akatumbukiza mkono wake ndani ya lile koti. Jecha alishtuka akataka kujivuta. Watu wa karibu wakasikia pumzi zake. Walibaki hivyo, mama amesimama, mtoto ameketi, mikono yao miwili imefichika chini ya kitambaa kimoja, na Faki, mbele yao, hajui lolote, anajikuna shingo.

"Niachie, mama," Jecha akasema kwa sauti ya chini.

"Siachi."

"Alimwua Vuai."

"Najua aliyemwua Vuai. Mimi ndiye mama yake." Alikuwa akitetemeka mwili mzima isipokuwa ule mkono. "Ukitaka kumfikia huyu, utanikata vidole kwanza. Vyote. Anza."

Jaji aligonga meza akauliza mfiwa anazungumza na nani. Bi Mize akasema, bila kugeuka, kwamba amekuja kuushtaki mkono. Mnong'ono ukapita ukumbini. Jaji akaeleza kwa subira kwamba sheria haina mlango wa kupitishia jambo hilo. Na wakati anaeleza, vidole vya Jecha vililegea, kijiko kikaponyoka, kikaanguka sakafuni kwa mlio mkali.

Ulizuka mtafaruku ambao Wasagamba wanausimulia hadi leo. Askari walikirukia kijiko wakakilalia. Bwana Ngwali alipanda juu ya benchi akitangaza kwamba kila mtu ameona kwa macho yake. Watu wa Shibiri wakadai kipimwe papo hapo, watu wa Ncha wakapiga kelele kwamba itazamwe ncha, na baina yao kikazaliwa chama cha tatu kilichouliza kama kijiko kilichonolewa ni kisu au ni kijiko kilichopotoka. Jaji aliahirisha kesi. Kijiko kikafungwa mnyororo, kikanyanyuliwa juu, na mahakama yote ikatoka nacho kwenda gerezani, mwanasheria na mwuza kashata, wakisukumana mlangoni wasikose kuona kikitundikwa. Hakuna aliyemwuliza Jecha kitu. Mmoja alimpigapiga begani akimpa pole.

Ukumbi ukabaki mtupu. Bi Mize alikuwa bado amemshika mwanawe kifundo cha mkono. Faki naye akainuka aondoke, maana katika nchi ile hakuna aliyewahi kumwambia Mkono abaki.

"Kaa," akasema Bi Mize.

Akakaa.

"Kwa nini ulimwua mwanangu?"

Faki alitazama mlango, kisha akamtazama Bi Kidawa, kama mgeni angeweza kumsaidia. Akaanza kusema kwamba mkono ulifuata, na Bi Mize akamkata kauli. Alimwambia asimweleze habari za mkono wala za kisu. Kwa jirani hakuona mkono ukizaliwa, alimwona yeye Faki akizaliwa, alimwogesha akiwa mchanga, na anamwuliza yeye.

Bi Kidawa aliona jasho likimtoka yule kijana kwenye mdomo wa juu, na aliona pia kwamba Jecha, aliyekuja kumwua, alikuwa amekaza macho akingoja jibu kuliko mtu yeyote.

"Niliambiwa ananitafuta," Faki akasema hatimaye. "Niliambiwa ana kisu. Nikatafuta changu. Sikulala siku nyingi, mama, nikisikia mlango tu nashika. Siku ile nilimkuta uwanjani, akaniita jina, akatia mkono mfukoni."

"Alikuwa anatoa nini?"

Faki aliitazama mikono yake mwenyewe.

"Sijui," akasema. "Sikungoja nijue."

Jecha alitoa sauti, si neno, na mama yake akamkaza kifundo. Alimkaza mpaka vidole vyake vyenyewe vikawa vyeupe. Machozi yalikuwa yakimtiririka sasa, na hakuinua mkono kuyafuta.

"Sikupi pole," akamwambia Faki. "Nilikupa kila asubuhi na kila asubuhi nilitaka kutapika. Mwanangu umemwua wewe."

"Nimemwua mimi," akasema Faki.

Alilisema taratibu, kama mtu anayejaribu kama ardhi itamchukua. Kisha akalirudia, na mara ya pili sauti ilimkatika, akainama akaufunika uso kwa mikono yote miwili. Hapakuwa na jaji wa kulisikia neno hilo wala sheria ya kulipokea. Kulikuwa na mwanamke mmoja, kijana mmoja na mgeni wa njiani.

Nje vigelegele vilikuwa vinarudi. Kijiko kilikuwa kimekwisha tundikwa, na watu walikuwa wanamtafuta mama wa marehemu aje asimame kwenye jukwaa wakati sheria mpya ya vijiko inasomwa. Bi Kidawa akaenda mlangoni. Hakujua kama anachofanya kinaruhusiwa katika nchi ile, na hakuuliza. Aliusukuma mlango, akatia komeo, akauegemea kwa mgongo. Wakaanza kugonga. Walimwita Bi Mize kwa jina, kwa heshima, kisha kwa nguvu.

Bi Mize akavuta benchi kwa mguu, akaketi kati ya wale vijana wawili, mmoja amemshika, mwingine hajamshika.

"Anza tena," akamwambia Faki. "Aliyekuambia kwamba Vuai anakutafuta ni nani?"